Sakafu ya Mama Mkwe

Mume wangu alikuwa fundi wa sakafu za mbao pale soko la Gikomba, Nairobi, na mama yangu alikuwa na sakafu iliyokuwa ikimmaliza. Ungedhani hayo mawili yangekutana na shida ikaisha. Hayakukutana kirahisi, kwa sababu kati yao palikuwa na mlango wa chumba cha kulala.

Mama aliishi kwetu, juu kwenye miteremko ya Mlima Elgon, mahali ambapo ukungu huingia nyumbani bila kubisha hodi na hutoka wakati unaoutaka wenyewe. Nyumba yake ilijengwa na kaka yangu mkubwa, aliyekuwa akikaa mtaa wa Ziwani, Nairobi, na kufanya kazi kiwandani, na uashi alijifunza ujanani. Chumba cha mama alikimwagia simiti, akaipaka rangi nyekundu, akaisugua kwa nta mpaka ukajiona. Kwetu Mbotela, mtaa wetu wa Nairobi, sakafu kama hiyo ni fahari ya mwanamke. Unaipiga deki Jumamosi, unakaa chini na kikombe cha chai, unaona raha. Kule mlimani ilikuwa baridi ya kuuma mifupa. Mvua zikianza ilitoa jasho, na godoro la mama ukiligeuza upande wa chini unakuta maji.

Mwaka uliotangulia alikuwa amelazwa kwa nimonia. Muuguzi mmoja alinivuta kando akaniambia bila kuzungukazunguka, "Huyu mama akilala tena kwa hiyo baridi msimu mwingine wa mvua, mtamleta mkiwa mmechelewa." Nilirudi Nairobi na hayo maneno. Nilijaribu kumleta mama Mbotela. Alikaa muda mfupi, akasema hewa yetu ni ya moshi na majirani wetu hawalali, akarudi kwake. Nilimwomba alale sebuleni. Akaniuliza kama nimewahi kuona mjane mwenye akili akilala mahali wageni wanapokunywa chai.

Basi Jumapili moja baada ya kanisa kaka alikuja kwangu, tukakaa kumjadili mama.

"Dawa ni simiti nyingine juu ya ile," kaka alisema. "Nzito zaidi. Sakafu ni simiti, dada. Mbao ni ya jeneza."

Mume wangu alikuwa mtu wa Ukambani, mpole hadi ananikera. Alikoroga chai yake, akasema, "Shemeji, simiti hata uiweke nene kama ukuta, huko juu itabaki baridi. Mama anahitaji mbao, na chini yake hewa ipite."

"Na nani ataipiga? Wewe?"

Sisi sote watatu tulijua jibu.

Kwetu mkwe wa kiume haingii chumba cha kulala cha mama mkwe. Kwao Ukambani nako ni vilevile, na kama kuna tofauti, basi wao wamekaza zaidi. Mume wangu na mama hawakuwahi kushikana mikono. Hawakuwa hata wakizungumza moja kwa moja. Mama akitaka kumsalimu alisema, "Mwulize mkwe wangu kama safari ilikuwa njema," naye mkwe wake yuko pale, hatua chache, anasikia kila kitu. Kisha yeye ananijibu mimi, nami namfikishia mama jibu ambalo ameshalisikia. Miaka yote ya ndoa yangu nilikuwa simu.

"Kitanda tutakitoa nje," nilisema. "Nguo zake tutazitoa. Kitabaki chumba tu, kuta nne."

"Hata kitanda kikitoka," mume wangu alisema, "chumba bado ni cha mama."

Nilitaka kumrushia kikombe. Mafundi wa kule mlimani walikuwa wanapiga mbao mbichi, zinajikunja kabla hata ya Pasaka. Wenzake wa Gikomba hakuna aliyekubali kuacha kibanda chake kwenda huko. Kaka angeweza kuingia, maana ndiye aliyekijenga chumba, lakini yeye alikuwa upande wa simiti na alisema wazi kwamba nyundo ya kupigia mbao hataishika. Mama angekufa kwa sababu ya wanaume wawili wenye misimamo. Nililisema hilo kwa sauti, na majirani wakasikia.

Mume wangu aliinuka, akaenda kusimama mlangoni. Alipogeuka alisema, "Utaipiga wewe."

Nilicheka kwa hasira. Mimi nilikuwa nashona. Kazi yangu ilikuwa kupunguza na kurekebisha mitumba pale pale Gikomba, suruali za watu wakubwa wa Ulaya nazifanya zitoshe viuno vya watu wetu wa Makadara. Nyundo niliijua kwa kuvunjia makaa.

"Utafundishwa," alisema.

Tukaanza na kuchagua mbao. Tulizunguka vibanda vya Gikomba, yeye mbele na mimi nyuma. Saiprasi ilikuwa tele, nyeupe, inanukia vizuri, na kila muuzaji aliapa.

"Kavu kabisa, mathe. Iguse uone."

Mume wangu hakuigusa kwa mkono. Aliinama, akauweka ubao shavuni, akafumba macho. "Hii bado ni baridi," alinong'ona. "Maji yako ndani. Ukiipeleka mlimani itakunywa mengine, ivimbe, isukume ukuta. Jua likija inywee, iache nyufa." Akanifundisha na mimi kuweka shavu. Mwanzoni niliona haya, watu wanapita na mikokoteni wananiona nimelalia ubao. Kisha nikaanza kusikia tofauti, na tangu hapo hakuna muuzaji aliyenidanganya tena. Mkaratusi aliukataa kwa sababu hujipinda kama mtoto anayekataa kuogeshwa.

Alichokitaka hatimaye tulikipata nyuma ya kibanda cha mzee aliyeuza vitu vya nyumba zilizobomolewa. Ilikuwa mvule, mbao za sakafu ya nyumba fulani ya zamani, nyeusi kwa uchafu, zenye matundu ya misumari. Kila ubao ulikuwa na ulimi upande mmoja na mfereji upande wa pili, ili zikikaa pamoja ziumane. Mume wangu aliuparuza mmoja kwa randa, na chini ya uchafu rangi ikatoka ya asali. Aliushika kama mtu aliyeokota kitu chake kilichopotea.

"Hizi zimeshazeeka," alisema. "Mbao iliyozeeka haina tena mambo ya ujana."

Tulizileta Mbotela kwa mkokoteni. Kati ya safu yetu ya nyumba na ile ya mbele palikuwa na uwanja wa simiti ambapo tulianika nguo. Hapo mume wangu alichora chumba cha mama kwa chaki, mraba mrefu, kwa vipimo nilivyokuwa nimechukua mimi nilipokuwa huko. Mlango akauweka mahali pake na dirisha mahali pake. Kisha akaketi kwenye stuli, nje ya mstari, chini ya dirisha la chaki, na mgongo wake akaugeuzia chumba.

"Geuka unione basi," nilimwambia.

"Kule sitakuona. Zoea."

Hivyo ndivyo nilivyojifunza. Jioni baada ya jioni nilipiga magoti ndani ya chaki, naye akiangalia kamba za nguo za watu, ananiambia la kufanya. Kwanza boriti, zile mbao nene za chini, ambazo alikuwa amezipaka oili chafu ya gari ili mchwa asizitamani. Kisha ubao juu yake, ulimi ndani ya mfereji. Gonga kwa kipande cha mbao, usigonge ubao wenyewe. Msumari uingie kwa kuinama, penye ulimi, usionekane. Na ukutani, pande zote, acha nafasi ya kidole ili mbao ikitaka kupumua ipumue. Nilijigonga vidole mpaka nikashindwa kushika sindano kazini.

Vijana wa safu ya mbele walikuja kutazama. "Niaje mathe, mnatuwekea disko?" Jirani yangu, mwanamke mwenye mdomo, alisema siku hizi mabwana ni wa kukaa kwa stuli na wake ndio mafundi. Nilimjibu kwamba wa kwangu anakaa kwa stuli nyumbani, wa kwake sijui anakaa stuli za wapi. Hakutusumbua tena.

Ilipofika Krismasi tulizitanguliza mbao mlimani kwa lori, zikapangwa sebuleni kwa mama. Mume wangu alisema mbao ni mgeni, lazima kwanza alale azoee baridi ya mahali ndipo umpe kazi. Mama alikuwa akizigeuza mwenyewe, akikohoa. Mwezi wa pili, mvua zikiwa bado hazijaanza lakini mawingu yameanza kukaa mlimani, tulipanda sisi watatu. Kaka alikuja na mifuko ya simiti.

"Ya nini?" nilimuuliza.

"Mkishindwa, sitaki mama alale kwa vumbi."

Nilimkasirikia safari nzima.

Kitanda cha mama tulikihamishia sebuleni mimi na kaka. Kaka alitoboa matundu ya hewa chini ya ukuta, kazi hiyo angalau hakuikataa. Nikatandika nailoni nyeusi juu ya ile simiti nyekundu, nikapanga boriti, nikaanza. Mume wangu alisimama nje chini ya dirisha, mgongo kwenye ukuta, uso kuelekea mlima. Nilipogonga alisikiliza.

"Huo msumari haujashika. Ng'oa."

"Umejuaje?"

"Ng'oa tu, mama watoto."

Niling'oa, na kweli ulikuwa umepita pembeni mwa boriti. Ubao baada ya ubao chumba kilijaa ile rangi ya asali, na mimi, Mungu anisamehe, nilianza kujivuna. Mama alichungulia mlangoni akiwa amejitanda blanketi. Aliniangalia tu, kisha akashikwa na kikohozi kikamrudisha sebuleni.

Kisha nikafika ukuta wa mwisho.

Ubao wa mwisho haukuingia. Nilidhani nimeulaza vibaya, nikaulaza tena. Upande wa mlangoni nafasi iliyobaki ilikuwa ya kuingiza kidole, na upande wa dirishani nafasi ya kuingiza mkono mzima. Nilikaa chini. Mbotela nilikuwa nimejifunza kwenye chumba cha chaki, nacho kilikuwa mraba uliochorwa na fundi kwa rula. Ukuta huu ulijengwa na kaka yangu akiwa kijana, na ulikuwa umekwenda pembeni kama ng'ombe anayekwepa mto. Mimi nilipima mbele na pembeni, wala hakuna aliyefikiria kupima na nyuma.

Nilimweleza mume wangu kupitia dirishani.

"Ubao lazima ukatwe mshazari," alisema. "Ukiacha wazi, unyevu utapandia hapo hapo, na ndipo kichwa cha mama kinapolala. Mbao za akiba ni ngapi?"

"Ni huu na mwingine mmoja."

Mvule ya namna ile haikupatikana mlima mzima. Nikiharibu hizo mbili, tumekwisha. Na kukata mshazari sikuwa nimefundishwa.

Kaka alikuwa amesikia. Alikuja akasimama uwanjani karibu na mifuko yake, na radi ikanguruma juu kwenye msitu. "Fimbo ya mbali haiui nyoka, shemeji," alisema. "Ingia umalize. Ama niingie mimi na simiti, jioni hii hii, kabla mvua haijatukuta na mama hana pa kulala."

Mama akatokea. Alikuwa akishikilia fremu ya mlango, midomo imekuwa ya kijivu. Akaniambia mimi, "Mwambie mkwe wangu aingie. Mimi nitakwenda kwa jirani. Sitaona, na sitauliza."

Nilimwangalia mume wangu. Nilijua kwamba kwa mama kulisema hilo ilikuwa kama kuvua nguo mbele za watu. Mume wangu alivua kofia.

"Mwambie mama nimeshukuru sana," alisema. "Lakini siwezi. Leo atakuwa kwa jirani, kesho atalala humo akijua nimetembea humo. Heshima si utumwa."

Nilimchukia. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nilimwona mtu mzima mwenye mikono ya dhahabu amesimama hatua mbili kutoka kwenye uhai wa mama yangu, anashika kofia. Nilipiga kelele mlima mzima ukasikia: "Heshima yako itamzika mama yangu!"

Mama aliinamisha kichwa. Mume wangu aligeuka akatazama ukuta, na mabega yake yakashuka. Nikasimama pale nikihema, ubao mkononi, na macho yangu yakatua kwenye mifuko ya kaka.

Mteja akiniletea koti lenye bega moja lililoshuka, simwambii avue bega. Nachukua karatasi ngumu, naibana pale palipopotoka, nakata umbo lake, kisha umbo hilo ndilo nalipeleka kwenye kitambaa. Koti lenyewe si lazima liwe mezani kwangu. Na karatasi ngumu kuliko zote katika nyumba ile ilikuwa imebeba simiti.

Niliingia jikoni nikachukua kisu. Nilichana mfuko wa kwanza kutoka juu mpaka chini, simiti ikamwagika kwenye nyasi, vumbi likapaa.

"Wewe una wazimu?" kaka alipiga kelele. "Dada! Hiyo ni simiti mpya!"

"Ndiyo. Sasa nyamaza."

Mfuko mmoja haukutosha urefu. Nikachana wa pili. Niliikung'uta karatasi, nikaiunga kwa nyuzi zangu mwenyewe, nikaingia nayo chumbani. Niliilaza kwenye ule mwanya, nikaisukuma kwa ngumi hadi ikakaa kwenye kona ya ukuta, nikapitisha ukucha kuacha alama kila mahali ukuta ulipoingia na kutoka. Kwenye nguo huwa naongeza kidogo kwa ajili ya mshono. Hapa nikapunguza upana wa kidole, ili mbao ipumue. Nilikata kwa wembe, nikairudisha pale pale kuijaribu, nikaikata tena mahali palipogusa.

Nikaitoa dirishani pamoja na ubao. Mume wangu alinyoosha mkono nyuma bila kugeuka, akapokea.

Aliilaza juu ya ubao kwenye nyasi. Kaka alikuwa bado anatukana chini kwa chini, lakini akasogea, na nilipochungulia nilimwona amepiga goti, anashikilia mwisho wa ubao usitikisike wakati msumeno unapita. Matone ya kwanza ya mvua yalianguka mgongoni kwao. Niliomba kwa Kiswahili, na kwa lugha ya mama yangu pia, nikiwa nimesimama kwenye sakafu isiyokamilika.

Ubao uliingia dirishani ukiwa umelowa kingo. Niliufuta kwa khanga yangu, nikaingiza ulimi, nikagonga. Ulikaa. Ulikaa kama kiuno cha suruali niliyoishona mwenyewe.

Usiku huo mama alilala chumbani kwake, na mvua ikanyesha hadi asubuhi. Simiti ya kaka iliganda palepale kwenye nyasi ikawa jiwe, na kuku walikuwa wakilipandia.

Tukarudi Nairobi. Huo ndio wakati mgumu kuliko wote, maana kazi ilikuwa imekwisha na hatukujua kama imefaa. Mvua kubwa zilianza. Kila mvua ilipopiga mabati ya Gikomba niliacha cherehani nikaitazama. Mume wangu mchana aliendelea na kazi yake, lakini usingizini nilimsikia akiuliza kuhusu nafasi ya kidole. Tulikuwa tumerudi kuzungumza kama mtu na mkewe, ila lile neno nililompigia mlimani hakuna aliyeligusa. Hakuna habari iliyokuja kutoka kwa mama, njema wala mbaya. Nilimwambia kaka kwamba ukimya ni dalili njema. Yeye akasema huenda barabara imekatika.

Shule zilipofungwa mwezi wa nane tulipanda. Kote njiani nilikuwa nikiangalia makundi ya watu, kama nitaona mtu amevaa kwa maombolezo. Nyumbani mlango wa mbele ulikuwa wazi. Mama hakuwa uwanjani, hakuwa jikoni, na jiko lilikuwa baridi.

"Mama!" niliita.

"Kaeni," sauti ilijibu kutoka chumbani. "Kaeni kwanza."

Tulikaa sebuleni. Mume wangu alichukua kiti chake cha siku zote, kile kilicho karibu na mlango wa nje, mbali kabisa na pazia la chumba. Nikangoja kusikia kikohozi. Badala yake nikasikia viatu.

Mama hakuwahi kuvaa viatu ndani ya nyumba. Vile vilikuwa vya kanisani, vya kisigino, nilivijua kwa mlio. Vilianza upande wa mlango, vikaenda polepole mpaka dirishani. Vikageuka. Vikarudi. Vikafuata ukuta wa kwanza, kisha wa pili, kisha vikaingia kwenye ule ukuta uliokwenda pembeni, na hapo vikapunguza mwendo, hatua moja moja, kama mtu anayemsomea mwenzake barua neno kwa neno. Nilitaka kuinuka nikamtazame. Mume wangu alinishika mkono.

Alikuwa amefumba macho. Kila hatua ilipotua, midomo yake ilisogea kidogo. Viatu vilizunguka chumba kizima, vikasimama.

"Hakuna ubao hata mmoja unaolia," aliniambia kwa sauti ya chini, na machozi yalikuwa yakimtoka bila kuyapangusa.

Pazia halikufunguliwa. Lakini mama alisema kutoka nyuma yake, na safari hii hakuniambia mimi.

"Mkwe wangu. Umesikia?"

Mume wangu alisimama wima, kofia mkononi.

"Nimesikia, mama."